Pete Iliyogeuka Nyeupe

Masika wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga shangazi zako kule Kimemi, na najua watakushika mpaka saa kumi na mbili, maana wale hawajui kuaga mtu bila kumshibisha. Mvua imeanza. Nimefunga duka, nimesogeza mizani pembeni, nimekaa na karatasi. Kesho asubuhi kamyo, lori la siku za soko, itakupakia hapa Bulengera, uende Beni kufundisha watoto wa watu, na nyumba hii nitabaki nayo mimi.

Habari za blanketi, dawa na maji ya kuchemsha sikuandikii. Miaka hii yote ni wewe uliyenichemshia mimi maji.

Nina jambo moja tu. Kule Beni utalala kwa mjomba wako, ndugu ya mama yako. Katika nyumba ile wanajua habari ya mama yako, na si ile uliyoisikia hapa. Hapa umesikia kwamba Kavira, mama yako, aliuza dhahabu ya pete yake ya ndoa, akavaa bati mahali pake, na kwamba ndiyo sababu alirudishwa kwao. Sikukuambia mimi. Alikuambia Mukaka wako, mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, na mtaa ukakuambia, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nimenyamaza. Mama yako hakuuza kitu. Hakuiba kitu. Nataka ulisikie kwangu kabla mjomba hajafungua mdomo, maana akikuambia yeye kwanza, hutakanyaga tena hapa. Pengine hutakanyaga hata hivyo. Lakini usikie kwangu.

Ili uelewe, lazima nianze na dhahabu yenyewe, maana upumbavu wangu wote ulianzia pale. Dhahabu niliijua nusu, na nusu ile niliijua vizuri sana.

Kabla ya uhuru nilifanya kazi pande ya Manguredjipa, kwenye mgodi wa wazungu. Kazi yangu ilikuwa ndani ya maji kuanzia asubuhi, miguu ikawa myeupe na laini kama mihogo iliyolowekwa. Tulikuwa tunatupa mchanga kwenye mfereji wa mbao, maji yanapita juu yake, na mwisho tunachukua karai. Unazungusha karai, unainamisha kidogo, unazungusha tena. Mchanga unakimbia. Vijiwe vinakimbia. Mchanga mweusi unakawia, lakini nao unaondoka. Dhahabu inakaa chini, haina haraka na mtu, na unaweza kuimwagia mto mzima.

Hiyo ni ile yenye punje. Ile laini kabisa, ile ya unga, ina tabia nyingine: inaelea. Kitu kizito kuliko chuma, na kinaelea juu ya maji kama vumbi. Ukitia tone la maji ya sabuni, inazama palepale. Na ikikutana na mafuta, inashikamana nayo, huiondoi tena kwa maji matupu.

Sisi tuliojua mambo hayo tulipaka nywele zetu mawese kila asubuhi. Kapita, msimamizi wetu, alidhani ni ushamba, wazungu walikunja pua wakacheka. Unaosha karai, unajikuna kichwa na vidole vyenye maji. Unaosha, unajikuna. Jioni walitukagua mdomo, makucha, makwapa, na mahali pengine ambapo sitamtajia binti yangu. Kichwa hawakukigusa, juu ya yale mafuta na harufu yake.

Ndiyo, Masika. Mwizi katika nyumba hii alikuwa mimi.

Mama yako alikuwa ananiosha nywele. Tulikuwa tumeshatoa mbuzi kwa wazazi wake, tukikaa pamoja, tukingojea ndoa ya padri. Kila jioni aliweka beseni chini, akanisugua kichwa kwa sabuni ya kipande, halafu maji yale hakuyamwaga, aliyaacha yatulie. Alikuwa na maneno mengi wakati ule. "Paluku, inama muzuri, mayi itaingia mu masikio." Na siku nyingine: "Kichwa yako inazaa kupita shamba ya baba yangu!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kilichobaki kwenye beseni ulikuwa mstari mwembamba, mdogo kuliko uzi. Alikichukua kwa manyoya ya kuku, akakiweka kwenye kichupa cha dawa. Ilichukua karibu miaka miwili kupata ya kutosha pete moja. Fundi wa vyuma alituyeyushia, akaipiga, ikatoka nyembamba lakini dhahabu tupu. Kwenye misa watu wengine walivaa shaba. Mama yako alivaa dhahabu iliyotoka kichwani mwa mume wake, na ni sisi wawili tu tuliojua.

Uhuru ulipokuja wazungu wa mgodi walifunga mizigo, kazi ikasimama. Tukahamia Butembo, na mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Watu walikuwa wameanza kuosha dhahabu wenyewe kwenye vijito, na wengi walidanganywa: mmoja anaosha shaba iliyosagwa, mwingine anabeba yale mawe yanayong'aa ambayo ukiyagonga yanavunjika. Wakaanza kuniletea niangalie. Nilikuwa na meza, nyundo ndogo, ndimu, chumvi, na mizani niliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyekimbia. Ile nyundo: dhahabu ukiigonga inalala, haivunjiki. Ile ndimu na chumvi: shaba ukiiacha humo, kesho maji ni ya kijani, dhahabu unaikuta kama ulivyoiacha. Niliitia kwenye siki, kwenye majivu, kwenye mkojo, kwenye sabuni, kwenye mafuta ya taa. Iko ile ile. Niliwaambia watu, na sauti yangu ilikuwa kama ya padri kwenye mahubiri: "Zahabu hapana geuka. Kitu yenye kugeuka hapana zahabu." Wakaniita Mupimaji. Nililipenda jina lile. Nililipenda kupita kiasi, na nakuambia wazi kwamba mambo yote mengine yalitoka pale.

Mama yako wakati ule alipata kazi ya kusafisha kwenye nyumba ya wazazi, pale wanapozalia. Siku moja alirudi na kichupa kidogo cha penisilini, ndani yake matone yanayong'aa kama fedha iliyo hai. Alikumwagia kwenye sahani ya bati uangalie. Matone yanakimbia, yanagawanyika, yanarudi kuwa moja. Ulikuwa na miaka mitatu, ulipiga kelele kwa furaha. Niliona. Nilikuwa nimekaa kwenye mlango huu huu, nikaona, nikarudi kwenye kazi zangu.

Siku ile aliyagusa kwa mkono wenye pete. Kesho yake pete ilikuwa nyeupe.

Hakuniambia. Aliogopa. Alivaa hivyo hivyo, akaficha mkono ndani ya kikwembe alichojifunga, siku nne, tano. Halafu akaja mama mmoja kutoka Lubero na punje zake nimpimie, na watu wengine wawili wakingoja nyuma yake. Kavira akaleta maji ya kunywa. Yule mama akaangalia mkono uliomshikia kikombe, akasema kwa sauti ya sokoni:

"Eh! Pete ya mama ni bati? Na ni hapa banasema kuko mutu wa kujua zahabu!"

Wale wawili wakacheka. Hawakucheka sana, kidogo tu. Kicheko kile bado ninacho masikioni.

Walipoondoka nilimvua pete. Niliiweka kwenye ndimu na chumvi. Nyeupe. Nikaisugua kwa majivu, nikaiosha kwa sabuni. Nyeupe bado. Basi hesabu ikanyooka kichwani mwangu: dhahabu haigeuki, hii imegeuka, kwa hiyo hii si dhahabu, kwa hiyo ile yangu iko kwa mtu mwingine.

"Kavira, zahabu yangu iko wapi?"

"Baba Masika, ni ile ile. Iligeuka yenyewe."

"Zahabu hapana geuka."

"Mimi sijue. Iligeuka. Niliamuka nikaona iko mweupe."

"Uliuzisha kwa nani?"

"Aka! Niuzishe kitu niliosha mu kichwa yako na hii mikono?"

Mizani ilikuwa mezani, Masika. Kati yake na mimi ilikuwa mizani. Uzito wa pete ile niliujua, niliipima mwenyewe siku fundi alipoitoa kwenye moto. Bati ya ukubwa ule ingekuwa nyepesi mara mbili na zaidi, hata mtoto angesikia mkononi. Kila punje ya kila mtu wa Lubero niliipima. Ile ya mke wangu sikuipima. Niliona kumpima ni kuonyesha nina mashaka juu ya elimu yangu mwenyewe.

Mukaka wako akaita wazee wawili wa ukoo. Walikaa hapo uani, kwenye viti vya duka. Nilieleza vizuri, kwa mpango, kama mtu wa bureau, karani wa ofisi ya serikali. Mzee mmoja akamgeukia mama yako: "Mama, utuambie. Zahabu ya mume wako ilitoka wapi, na ilienda wapi?"

Akanitazama. Hapo ndipo nilianza kuogopa. Juma lile nilikuwa nimeahidiwa kazi ya serikali, kupima kahawa kwenye bureau, na mkubwa wa pale, mtu wa Kasaï, Mkristo wa kweli, alikuwa ameulizia habari zangu kwa watu kama mimi ni mwaminifu. Kama Kavira angesema neno moja tu juu ya mawese na beseni, ningekuwa mwizi mbele ya mji mzima, na kazi ingekwenda. Angalikuwa na haki. Alikuwa anaitwa mwizi na mtu aliyeiba, na alijua.

Akasema: "Ilitoka kwa mume wangu. Kwenye ilienda, mimi hapana jua."

Basi. Wazee wakasema aende kwao atulie, mambo yaangaliwe. Alifunga vitu vyake kwenye kikwembe kimoja. Wewe ulibaki, maana kwetu mtoto ni wa baba. Ulimshika gauni, Mukaka akakutoa vidole kimoja kimoja. Pete nilibaki nayo mimi. Kamyo ikaondoka kwenda Beni, nikarudi ndani, nikapima punje za mtu aliyekuwa akinisubiri. Ona jinsi nilivyokuwa.

Juma moja baadaye niliitupa pete ile kwenye mbabula, juu ya makaa mekundu. Nilitaka kuiona ikiyeyuka. Bati haichelewi motoni, ingekuwa tone kabla sijamaliza kukohoa, na roho yangu ingetulia. Haikuyeyuka. Nilivuta moshi kidogo wenye ladha mbaya. Nilipuliza makaa. Weupe ukaanza kuondoka, polepole, kama ukungu kwenye kioo, na chini yake pakawa manjano iliyofifia. Niliitoa kwa koleo, nikaipoza, nikaisugua kwa majivu na kitambaa. Ikang'aa. Ndipo nikaiweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa ule ule wa siku ya fundi.

Nilikaa pale chini karibu na mbabula. Sikusikia kitu. Nasema kweli, nilingoja nisikie kitu, uchungu au aibu, hakikuja. Miguu tu ilikuwa baridi.

Nikaenda kwa mwalimu wa sekondari, naye alikuwa mgeni hapa, alitumwa kutoka Kasaï kama yule mkubwa wa bureau. Nilimwonyesha pete, nikamwambia ilivyokuwa. Aliuliza swali moja tu: "Mama anatumika kazi wapi?" Nikamwambia. Akaanza kutikisa kichwa. "Thermomètre ya kupima homa ilivunjika," akasema, "akaokota ile mercure, ile zebaki. Hiyo, mzee, ndiyo kitu kimoja katika nyumba ya maskini yenye kuingia mu zahabu. Zahabu inaikunywa kama vile sukari inakunywa chai. Na moto inaiondosha. Na ule moshi uliuvuta ni sumu, usirudie." Halafu akaniangalia. "Mama mwenyewe iko wapi?"

Nikamwambia ameenda kusalimia kwao.

Nilirudi nyumbani, nikatafuta kile kichupa cha penisilini. Kilikuwa kwenye kikapu cha vitu vyako vya kuchezea. Nikagusisha tone kwenye ukingo wa pete. Nilikuwa sijatoa mkono, ukingo ukawa mweupe. Kumbe yote yalikuwa humu ndani ya nyumba, tangu siku ya kwanza, mtoto akiyachezea. Na mama yako hakuniambia habari ya thermomètre kwa sababu, nilikuja kusikia kwa mwenzake wa kazi, aliivunja yeye mwenyewe akifagia, na aliogopa masere, watawa wa nyumba ya wazazi, wangemfukuza kazi. Alificha kosa dogo la kweli, akabebeshwa kosa kubwa la uongo.

Sasa ninakuja kwenye jambo ninalolikimbia tangu nianze karatasi ya kwanza. Hata sasa nimesimama mara mbili kuangalia mvua.

Watu wakikueleza habari hii, hata wale wenye huruma, watasema: Paluku hakujua, na alipojua vita ilikuwa imefunga njia. Si kweli. Nilijua wakati njia ingali wazi. Nilikuwa na majuma matatu. Kamyo zilipita hapa kila siku ya soko, zikitwanga matope kwenda Beni, na dereva mmoja alikuwa rafiki yangu.

Unajua kwetu mtu akimfukuza mke bila sababu anafanya nini. Anachukua mbuzi, anachukua mzee mmoja wa kumsemea, anakwenda kwa wakwe, anakaa chini, si kwenye kiti, na anasema mbele ya wote: nilikosa. Nilimwambia mama yangu nataka kwenda. Nilimwonyesha pete, nikamweleza mercure. Alinisikiliza mpaka mwisho akisafisha maharagwe.

"Utaenda kukaa chini mbele ya batu ya Beni," akasema, "useme Mupimaji alishindwa kupima? Na kesho nani atakuletea zahabu? Acha. Bataleta binti yao benyewe, bakichoka kumulisha."

"Mama, hakuiba."

"Na hapa mutaani banasema aliiba. Utazunguka nyumba kwa nyumba? Acha, mutoto wangu. Imeshakuwa."

Nisimtwike Mukaka wako mzigo huu. Nilikuwa mwanaume mzima, na maneno yake yaliniingia kwa sababu yalikuta mahali pa kukaa. Juma la kwanza nilisema ningoje nianze kazi ya bureau. Juma la pili nilisema mbuzi niliyempata amekonda, atanitia aibu. Juma la tatu nilisema mvua. Mbuzi hakuwa amekonda sana.

Halafu waasi wakaja, basimba, mwaka ule wa nne wa uhuru, na kila kitu kikafungwa. Kamyo zikasimama. Wenye kazi ya serikali tulijificha, mimi na wewe na Mukaka tulilala mashambani siku nyingi, wewe ukikohoa mgongoni kwangu. Ulimwita mama yako. Nilikufunga mdomo kwa mkono, kwa sababu kulikuwa na watu njiani.

Kule Beni nao walikimbia. Mama yako alishikwa na homa porini, na kifua, hapakuwa na dawa, wala moto hawakuthubutu kuwasha. Alikufa kule. Mjomba wako alimzika. Njia ilipofunguka, yule dereva rafiki yangu akashuka hapa mlangoni, akavua kofia. Mjomba wako alimpa neno aniletee. "Umwambie Mupimaji mwizi wake amekufa." Ndivyo lilivyokuwa neno lenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja akinunua maharagwe. Nilimaliza kumpimia. Nilimfungia vizuri, nikamwongezea kidogo kama desturi, nikamwambia aende salama. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, uso umeshakaa tayari, na haikuja. Mpaka leo haijaja. Ndani yangu kuna mahali pamekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, ila mguu huamka. Watu walisema Paluku ana moyo mgumu. Wengine walisema ana imani. Siku zilipita, nilipima kahawa, nilikupeleka shule.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne? Ulirudi na kola imechanika, damu kwenye mdomo, ulipigana na mtoto wa jirani. Ulisimama hapo mbele ya meza. "Baba, banasema mama alikuwa mwizi. Ni kweli?" Mkono wangu ulikuwa kwenye mizani. Nilikuwa na maneno yote, Masika, niliyabeba miaka sita. Nikakuambia: "Enda unawe uso." Ukaenda. Ulinawa vizuri, ukarudi ukaanza kuwasha moto, na hukuniuliza tena mpaka leo. Ukiniuliza katika maisha yangu yote naionea haya siku gani, sitasema siku ya wazee. Nitasema siku ile. Siku ya wazee nilikuwa mjinga. Siku ile nilikuwa najua, na mtoto alikuwa ananiomba neno moja, hapana.

Nilitaka kukuandikia mashauri. Nimejaribu upande wa nyuma wa karatasi hii, nimeyakata. Labda moja tu, juu ya kazi yako. Watakuja darasani wakilia, huyu ameiba kalamu ya yule, na utaona wazi nani mkosa, utakuwa na hakika kabisa. Siku ile unapokuwa na hakika kabisa, uliza tena mara moja. Mimi sikuwahi kukosea nilipokuwa na mashaka, maana nilipima.

Pete iko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Ni yako. Ukiivaa, ukiiuza, ukiitupa mtoni itakaa chini haitaoza. Fanya unavyotaka, sitauliza.

Jana, ulipokuwa ukipiga pasi, nilitoka. Nilikuambia ninaenda kutafuta misumari. Nilienda kwa wale wazee wawili. Mmoja hasikii tena, ilibidi nipige kelele mpaka majirani wakatoka, na ilikuwa vizuri hivyo. Nilisema: Kavira hakuiba, mwizi nilikuwa mimi, na nikaeleza habari ya mawese, ya beseni na ya majuma matatu. Yule anayesikia aliniuliza mbona nimengoja mpaka watu wote wamekufa. Nilitoka pale nikaenda kwa mama ya yule mtoto mliyepigana naye, nikasema hivyo hivyo mlangoni kwake, akaniangalia kama mlevi. Mlango kwa mlango, mpaka jua likazama. Misumari sikununua.

Umebaki mlango mmoja, na uko Beni. Siendi na mbuzi. Mbuzi ni wa kurudishia mke, na mimi sina mke wa kurudisha. Nitakaa chini tu, mbele ya mjomba wako, niseme. Halafu nitamwomba anionyeshe alipomzika, na akikataa, hiyo ni haki yake.

Nimelipia nafasi mbili kwenye kamyo ya kesho. Nitakuwa nimekaa hapa nje na kofia yangu kabla hujaamka. Ukishasoma hii na ukaona huwezi kukaa karibu nami kutoka Butembo mpaka Beni, usinieleze chochote, binti yangu. Panda tu. Mimi nitakuja kwa miguu.

Baba yako,
Paluku